Mrejesho: kuita elki kwa kipenga cha mdomoni

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa nane niliuliza namna ya kuita elki, wale kulungu wakubwa tunaowinda huku Colorado, Marekani, kwa kile kipenga cha mpira kinachokaa kwenye kaakaa, maana kila nikikiweka nilitaka kutapika. Aliyeniambia nipunguze kingo zake kwa mkasi, Mungu akubariki. Kichefuchefu kiliisha siku ileile. Nikafanya mazoezi garini wiki tatu nikienda kazini. Mke wangu aligoma kupanda.

Ule mlio mrefu wa dume umenishinda, unatoka kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikabaki na sauti ya jike tu: fupi, kisha kimya cha dakika kumi, kama mlivyosema. Septemba, msimu wa kuwinda kwa upinde, dume akajibu alfajiri. Mwenzangu alijibanza mbele na upinde, mimi naita nyuma yake. Dume akashuka hadi kama mita 60, akasimama nyuma ya misonobari, tunaona pembe tu. Mara nikahisi upepo kisogoni, ukampelekea harufu yetu. Akatoweka.

Nyama hatukupata. Kwa wanaoanza, sauti ya jike inatosha, ila bebeni kichupa cha unga wa kupimia upepo. Changu nilikisahau garini. Asanteni sana.