Melody Maker ya dola 700: ni ya 1959 kweli?

Msolo_Minneapolis: Wakubwa, shikamooni. Duka la rehani jirani lina gitaa la umeme, Gibson Melody Maker, dola 700. Mwenye duka anaapa ni ya 1959. Ina pembe mbili, kichwa chembamba kama rula, pikapu moja (kinasa sauti cha nyuzi), ila mtu kaichimba akaweka humbucker, ile pikapu ya koili mbili isiyovuma. Nyepesi mno, nikadhani iko wazi ndani. Nichukue?

FundiWaya: Marahaba. Pembe mbili, 1959? Hapana. Mwaka huo zilitoka Kalamazoo, Michigan, na pembe moja, kama Les Paul, gitaa jingine la Gibson, iliyokonda. Pembe mbili zilianza 1961, kwanza za mviringo, baadaye zikachongoka. Kuanzia 1966 hivi zikapewa umbo la SG, gitaa lingine la Gibson lenye pembe mbili kali. Lilikuwa gitaa la wanafunzi, kila mahali wamebana matumizi: mahogani ya sentimita tatu na nusu hivi, na umeme wote umefungwa kwenye plastiki ya mbele. Fungua skrubu, inua plastiki, vyote vinakuja pamoja. Soma mgongo wa potensiometa, kile kifaa chini ya kitufe cha sauti: ukikuta 134 au 137, hicho ni kiwanda kilichoitengeneza, kisha mwaka na wiki. Namba ya kichwani usiitegemee, Gibson walizirudia sana miaka ile.

Pima na shingo. Kuna ya robo tatu, fupi, ya vidole vya watoto. Mimi niliwahi kuinunua bila kupima, nikapiga solo mwezi mzima kama nimekunjwa kwenye daladala.

MamaBesi: Tochi nyuma ya kichwa, kaka! Yangu ya pembe moja ilianguka kutoka kwenye kochi tu, kichwa kikaachana na shingo. Gundi imeshika, lakini ufa nauhisi kwa kidole gumba kila nikibana kodi ya F.

Msolo_Minneapolis: Nimerudi leo na bisibisi yangu. 134, kisha 6522, yaani 1965, wiki ya 22. Mwenye duka kimya, halafu: "Basi 560." Ufa sikuona. Hiyo humbucker niitoe?

FundiWaya: Ya nini? Tundu linawaudhi wakusanyaji, ndiyo maana umeipata kwa bei hiyo. Joan Jett mwenyewe, yule mwanamuziki wa roki, Melody Maker yake nyeupe ina humbucker. Ile pikapu ya asili ingekuvumia kama friji ukikaa karibu na taa za tyubu.

Msolo_Minneapolis: Iko kwenye kochi sasa hivi.

MamaBesi: ITOE KWENYE KOCHI.