Naomba ushauri: kuweka mfumo wa jotoardhi nyumbani

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Nyumba yangu ni ya zamani, majira ya baridi ni makali na kiangazi tunaungua. Nataka kuachana na boila ya mafuta niweke pampu inayovuta joto ardhini. Ili kufukia mabomba ya kukusanya joto hilo, fundi mmoja anataka achimbe visima viwili vya mita 100. Mwingine anasema mitaro ya mita 2 inatosha kwa kuwa uwanja upo. Wote wametazama uwanja tu, ndani hawakuingia. Nimsikilize nani?

Bomba Refu: Kwa sasa, hakuna. Kwanza ipigwe hesabu ya joto linalopotea, chumba kwa chumba: kuta, dari, madirisha. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mashine na urefu wa mabomba. Mabomba yakiwa mafupi, pampu inanyonya joto kuliko ardhi inavyoweza kulirudisha, udongo unapoa mwaka hadi mwaka na bili ya umeme inapanda. Mashine utabadilisha ikichoka. Mabomba ukishayafukia, kuyaongeza ni kuchimba upya.

Mama Pendo: Naunga mkono. Na ziba dari joto lisipotee kabla ya kununua chochote, hapo mashine ndogo itatosha. Kupasha vyumba joto unatumia rejeta (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto) au mabomba ya sakafuni?

Mleta uzi: Rejeta, dada. Zile za zamani.

Mama Pendo: Basi ziangalie sana. Pampu nzuri hutoa uniti 3 hadi 4 za joto kwa uniti 1 ya umeme, ila hapo maji ni ya nyuzi 35 hivi, yale ya sakafuni. Rejeta ndogo zikidai nyuzi 60, faida inashuka vibaya. Weka kubwa zaidi.

Udongo Mbichi: Kisima au mtaro, vyote vinafanya kazi. Mtaro ni nafuu, lakini unakula uwanja, na juu yake usijenge wala kumwaga zege, maana joto lake linatokana na jua na mvua. Udongo wenye unyevu ni bora kuliko mchanga mkavu.

Mleta uzi: Na kupoza?

Bomba Refu: Inawezekana, na joto la kiangazi linarudi ardhini likusaidie baridi ikija. Ila usipitishe maji baridi kwenye rejeta, zitatoka jasho zilowanishe sakafu. Weka vipoza vyenye feni na bomba la kutolea maji. Na mabomba yapimwe presha kabla hayajafukiwa, ukiwepo.