Mithali Raj: wastani wa 50 halafu watu wanasema alikuwa mzito, ukweli uko wapi?

Kapu_la_Mikimbio:
Wakuu habari zenu. Kriketi ya wanawake nimeanza kuifuatilia vizuri baada ya India kubeba Kombe la Dunia 2025 pale Navi Mumbai, nikaona nahodha wao Harmanpreet na wenzake wanawaita wakongwe wastaafu uwanjani walishike kombe na wao, mmojawapo Mithali Raj, mpigaji na nahodha wa zamani wa India. Nikaenda kuchungulia takwimu zake nikabaki mdomo wazi, mechi za ODI (za kimataifa za siku moja) 232, mikimbio (pointi za mpigaji) 7805, wastani 50.68 kwa kila mara aliyotolewa. Sasa kuna jamaa hawamkubali kabisa, wanadai alikuwa anakula mipira tu bila kufunga mikimbio ya kutosha, na kujilindia wastani wake. Na kingine kinachonishinda, kaanza 1999 kastaafu 2022 halafu Testi (zile mechi ndefu za siku kadhaa) 12 tu?? Alikuwa anaachwa au? Mliomuona akicheza nisaidieni.

mama_ova:
Haachwi mdogo wangu, mechi zenyewe ndo hazikuwepo. Huyu binti kaingia ODI ya kwanza Milton Keynes dhidi ya Ayalandi ana miaka 16, akapiga 114 na hakutolewa, mwenzake Reshma Gandhi naye senchuri (mikimbio 100), India ikamaliza 258 bila wiketi hata moja kuanguka, yaani hakuna aliyetolewa. Halafu 2002 pale Taunton akawapiga Uingereza 214 kwenye Testi, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo, na hata miaka 20 hajafika. Mchezaji wa hivyo ungedhani atapewa Testi kila mwaka si ndio? Basi baada ya 2006 wanawake wa India hawakuiona Testi mpaka 2014, wakapewa mbili, kisha kimya tena mpaka 2021. Hesabu hiyo miaka mwenyewe, ni ile ile ambayo mpigaji anakuwa kwenye ubora wake. BCCI, bodi ya kriketi ya India, yenyewe ilianza kuwasimamia wanawake 2006, kabla ya hapo walikuwa chini ya chama chao kisicho na hela, timu ya taifa inapanda treni madaraja ya chini na mabegi yao ya kriketi. Mikataba ya mwaka na bodi imekuja 2015, Mithali keshakuwa mkongwe.

spina_wa_zamani:
Yote sawa ila tusimfanye malaika. Huo wastani una siri yake, kwenye inningsi (zamu za kupiga) 211 hakutolewa mara 57, na wastani unagawanywa kwa mara ulizotolewa tu, lazima upae. Na kuna siku timu ilitaka kasi yeye anatuliza tu. Mnakumbuka nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20 (mechi fupi za ova 20, ova ni mipira sita) 2018 kule Antigua alikalishwa benchi, kelele zikawa nchi nzima, lakini hoja ya benchi la ufundi ilikuwa hiyo hiyo ya kasi.

mama_ova:
@spina_wa_zamani malizia hiyo stori basi 😂 alikalishwa wakati katika mashindano hayo hayo kapita mikimbio hamsini mara mbili, dhidi ya Pakistan na Ayalandi, na bila yeye India ikaanguka 112, wapigaji wote wametolewa, Uingereza wakashinda kwa wiketi 8. Kasi iko wapi hapo? Na kwenye T20 huko huko mnakomsema ndo Mhindi wa kwanza kufikisha mikimbio 2000 ya kimataifa, kawatangulia hadi wanaume. Nyie mnamuangalia kwa macho ya leo, kikosi cha sasa Smriti akitoka kuna Jemimah, kuna Harman (Harmanpreet), kuna Richa huko chini anapiga sita (mikimbio sita kwa mpira mmoja). Miaka ile Mithali akitoka timu inatawanyika, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kutotoka, sasa mnamlaumu kwa kuifanya vizuri?? 2017 alifikisha hamsini mara saba mfululizo kwenye ODI, mwaka huo huo akampita Charlotte Edwards wa Uingereza na kuwa mwanamke wa kwanza duniani kufika mikimbio 6000 ya ODI.

spina_wa_zamani:
Hapo kwa T20 nimekuelewa dada, ila fainali ya Kombe la Dunia Lord's (London) 2017 dhidi ya Uingereza bado inaniuma. Wanatafuta 229, nahodha anakimbia kama anaenda sokoni, ran auti (katolewa akikimbia) na 17. Baadaye wako 191 kwa wiketi 3, mechi wanayo mkononi, Shrubsole, mrushaji wa Uingereza, akafagia wengi wao, wamepoteza kwa mikimbio 9. Na hiyo ni fainali ya pili anapoteza akiwa nahodha, 2005 Australia waliwapiga Centurion, Afrika Kusini.

lefti_hendi:
Mimi namkubali kwa utulivu wake nje ya krizi (sehemu anaposimama mpigaji). Kombe hilo la 2017 kavaa pedi anasubiri zamu ya kupiga, kakaa anasoma kitabu hana habari. Na mwandishi alipomuuliza mchezaji gani wa kiume anampenda, akamrudishia, wanaume huwa mnawauliza mwanamke gani wanampenda?

Kapu_la_Mikimbio:
Kumbe ndo maana wenzake walimuita kushika kombe. Asanteni wakuu, mama_ova nimekuelewa sana. Kuna mwenye video ya zile 214 za Taunton au hazikurekodiwa?