Baiskeli ya changarawe mashambani Uingereza: nianzie wapi kutokea Reading?

Kando_ya_Thames

Habari wakuu. Nipo Reading. Baiskeli ni ya changarawe, tairi za milimita 40 ambazo bado zina tyubu, gia ya mbele moja ya meno 40, nyuma 11 hadi 42. Mimi na mzigo wangu ni kama kilo 80. Natafuta safari ya siku moja ya kilomita 50 hadi 70 mashambani, isiyo na milima ya kuua miguu wala barabara za magari mengi, na nitumie treni kwenda au kurudi. Ramani ya simu inanionyesha vijia kila kona, lakini nikifika nakuta vingine haviruhusu baiskeli. Nataka kwenda mwishoni mwa Septemba. Nianzie wapi? Na hizi tairi zinafaa?

Gia_ya_Mlima

Mkuu, anza na sheria. England kijia kuwepo kwenye ramani si ruhusa ya kukipita kwa baiskeli. Tazama rangi ya mshale kwenye nguzo. Njano ni ya waenda kwa miguu, hapo usiendeshe. Buluu ni njia ya farasi, na baiskeli zimeruhusiwa humo tangu Sheria ya Mashambani ya 1968, kwa sharti kwamba uwapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Zambarau na nyekundu pia unaruhusiwa. Tofauti ni kwamba kwenye nyekundu unaweza kukutana na magari. Ukitumia ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, vistari vifupi vya kijani ni vya miguu, virefu ni vya farasi. Usitegemee ramani zinazoonyesha walikopita waendesha baiskeli wengi. Zinakuambia watu wamepita, hazikuambii kama walikuwa na haki ya kupita.

Kwa ulivyoeleza, nenda Ridgeway, njia ya kale inayopita juu ya vilima. Yote ni kilomita 139, kutoka Overton Hill karibu na Avebury hadi Ivinghoe Beacon, ila baiskeli inaruhusiwa mfululizo kwenye nusu ya magharibi tu, mpaka Streatley kwenye mto Thames. Ukivuka mto, sehemu kubwa inageuka kuwa njia ya miguu, kwa hiyo usiunganishe kichwakichwa.

Endesha kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na unamalizia kwa kushuka bondeni. Panda treni hadi Swindon, toka mjini kuelekea kusini hadi Chiseldon, kisha shika njia ya reli ya zamani inayoelekea Marlborough. Ni tambarare na inapasha miguu moto. Karibu na Ogbourne St George utakutana na Ridgeway, pinda mashariki. Utapanda hadi Liddington, halafu kuna kipande kifupi cha lami kabla ya kuvuka barabara kuu ya M4 kwenda Foxhill. Hapo ndipo pa kujihadhari zaidi na magari: magari yana kasi, washa taa ya nyuma hata kama ni mchana.

Baada ya Foxhill ndiyo safari yenyewe. Unapita Wayland's Smithy, kaburi la mawe la kale, kisha ngome ya Uffington kwenye mita 261, juu ya picha kubwa ya farasi mweupe iliyochorwa mlimani kwa chaki miaka kama 3,000 iliyopita. Teremka baiskeli hapo, panastahili nusu saa. Kisha unafuata mgongo wa vilima juu ya Wantage, unapita chini ya barabara ya A34 kwa handaki karibu na East Ilsley, halafu mteremko mrefu hadi Streatley. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya daraja, upande wa Goring. Jumla ni kati ya kilomita 65 na 70.

Maji yapange mapema. Vilima hivi ni vya chaki, mwamba mweupe laini unaonyonya mvua, na chemchemi hutokea chini ya mlima. Ndiyo maana vijiji vyote viko bondeni na juu kuna mabomba machache mno. Beba lita 2 kamili. Kushuka kijijini kutafuta maji ni kushuka kama mita 100 ambazo utazipanda tena.

Spoku32

Naongezea ya ardhi, maana tairi zinategemea hiyo.

Chaki ikikauka ni nzuri sana, inabeba tairi kama barabara ya murram iliyoshindiliwa. Ikilowa, juu kunafanyika utando wenye utelezi, hasa kwenye mteremko wenye kivuli. Hapo funga breki mapema ukiwa bado umenyooka, si ndani ya kona. Kwenye vilele vingine chaki imefunikwa na udongo wa mfinyanzi wenye mawe ya gumegume, na huo unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kwenye uma. Wanaojua udongo mweusi wa kule Kitengela wataelewa. Hakikisha kuna nafasi ya angalau milimita 6 kila upande wa tairi; kama haipo, toa madigadi.

Kuna pia mifereji iliyochimbwa na magari. Ukiingia kwenye mfereji mkavu usikate usukani ili utoke, gurudumu la mbele litabanwa ukutani nawe utapita juu ya usukani. Punguza mwendo, simama, toka kwa miguu.

Tairi zako: milimita 40 zinatosha, tyubu ndiyo tatizo. Gumegume likivunjika lina makali ya kisu. Tena sheria inakataza wakulima kukata nyua za miti ya miba kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti, maana yake Septemba mashine zinaingia kazini na miba inamwagika njiani. Umechagua mwezi wenyewe.

Kama rimu na tairi zote zimeandikwa kwamba zinakubali kutumika bila tyubu, badilisha wiki mbili kabla ya safari, usifanye jana yake. Safisha rimu kwa spiriti, bandika utepe kutoka ukingo hadi ukingo, funga valvu, kisha jaza upepo bila dawa ya kuziba pancha mpaka usikie tairi ikikaa kwa mlio. Toa upepo, fungua kiini cha valvu, ingiza mililita 80 za dawa hiyo kila tairi, jaza tena, zungusha gurudumu, lilaze upande mmoja kwa saa kadhaa halafu upande wa pili. Kwa kilo 80 anza na upepo wa psi 32 (kipimo cha pampu) nyuma na 29 mbele.

Ukibaki na tyubu, panda hadi 40 nyuma na 37 mbele. Chini ya hapo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu. Utaona matundu mawili yamekaa sambamba.

Mwiba ukiuona umezama kwenye tairi isiyo na tyubu na upepo hautoki, usiung'oe porini. Ung'oe nyumbani. Na beba kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5: jiwe likichana ubavu wa tairi, dawa haitaziba, utaweka kile kipande kwa ndani pamoja na tyubu ya akiba.

Mama_Baiskeli

Treni: za kasi zinazopita Swindon zina nafasi chache za baiskeli, weka nafasi pamoja na tiketi. Za kurudi Goring hadi Reading ni za kusimama vituo vyote, ni rahisi zaidi, ila epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini. Mwisho wa Septemba jua linazama kabla ya saa moja jioni, kwa hiyo uwe Swindon ifikapo saa tatu asubuhi.

Juu ya kijiji cha Lambourn, kusini mwa njia, kuna farasi wa mashindano, na viwanja vyao vya nyasi laini viko kando kabisa ya njia. Usiviendeshe hata kama njia ina tope. Farasi akiwa mbele yako, usipige kengele ghafla nyuma yake. Salimia kwa sauti, subiri mpandaji akujibu, pita taratibu na mbali.

Kando_ya_Thames

Ahsanteni sana. Mvua ikinyesha wiki nzima kabla ya siku yenyewe, niahirishe?

Mama_Baiskeli

Usiahirishe ndugu, badilisha njia. Fuata kijia cha kando ya mfereji wa mashua wa Kennet na Avon kutoka hapo hapo Reading hadi Newbury, karibu kilomita 30, kisha Hungerford ukiwa na nguvu. Hakuna mlima, na reli inakwenda sambamba: Theale, Aldermaston, Midgham, Thatcham, Newbury, Kintbury, Hungerford. Ukichoka popote una kituo karibu. Njia ni nyembamba na watu wana mbwa na fimbo za kuvulia samaki, kwa hiyo huko kengele ni ya lazima, na chini ya madaraja teremka.

Spoku32

Mvua ikikukuta juu ya chaki, angalia pedi za breki ukifika nyumbani. Chaki iliyolowa inazisaga kama msasa. Zikibaki chini ya milimita 1, badilisha, na beba jozi moja ya akiba inayoingia kwenye kaliper yako (kifaa kinachobana pedi), kwa sababu duka la kijijini halitakuwa nayo.