Kola na joho vilifanana dukani, vikaachana juani: kosa ni la kitambaa au la taa?

Fundi wa Majengo (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Majengo, Moshi, na ninaomba maelezo kuhusu jambo lililonitia aibu mbele ya wateja. Nilipewa kazi ya kushona majoho 24 ya kwaya, rangi ya damu ya mzee. Kitambaa cha majoho nilikinunua katika duka moja mjini, na satini ya kola nikaipata duka la jirani. Nilikwenda na kipande cha joho, nikakilaza juu ya jora la satini chini ya taa ya tyubu, tukatazama mimi na muuzaji, tukaona vimefanana kana kwamba vilitoka katika pipa moja la rangi.

Nilishona siku tisa katika kibanda changu, ambacho paa lake lina bati moja la plastiki la kijani linalopitisha mwanga. Humo ndani vitambaa vyote viwili vilionekana kama vyeusi, lakini sikujali kwa sababu nimeshazoea. Jumapili, kwaya ilipotoka nje kupiga picha, majoho yaliwaka wekundu na kola zikawa kahawia. Kiongozi wao aliniuliza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko ukali, iwapo kitambaa kiliniishia nikafidia kwa kingine.

Je, muuzaji alinibadilishia jora wakati wa kukata, au ni mwanga tu ulionichezea? Na nifanyeje nisirudie kosa hili?

Mwalimu wa Fizikia (Moshi)

Dada Fundi, pole sana. Usimlaumu muuzaji kabla hujailaumu taa yake.

Nianze na bati lako, kwa kuwa hilo ni jepesi. Kitambaa hakina mwanga wake chenyewe. Kinachofanya ni kufyonza sehemu ya mwanga unaokiangukia na kuakisi sehemu iliyobaki, na hiyo inayoakisiwa ndiyo macho huiita rangi. Damu ya mzee huakisi wekundu na kumeza karibu kila kitu kingine. Bati la kijani, kwa upande wake, huzuia wekundu usishuke kibandani. Basi kitambaa kinaletewa kijani, ambacho hukimeza, na kinanyimwa wekundu, ambao ndio pekee kingeweza kuurudisha. Kisichorudisha mwanga huonekana cheusi.

Suala la tyubu lina undani zaidi. Isaac Newton alianza majaribio yake ya mche wa kioo katika miaka ya 1660, akaonyesha kwamba mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Weupe wa tyubu si wa namna hiyo. Hutengenezwa kwa vilele vichache vyembamba, kimoja cha bluu, kimoja cha kijani na kimoja cha wekundu unaoelekea machungwa, na katikati ya vilele hivyo mwanga ni haba. Jicho halitambui upungufu huo, kwa sababu seli zake zinazotambua rangi ni za aina tatu tu. Zikichochewa kwa uwiano uleule, ubongo husema “nyeupe” bila kuuliza mchanganyiko umetoka wapi.

Sasa vitambaa vyako viwili vilipakwa rangi za kemikali tofauti. Chini ya vilele vile vitatu vilitokea kuakisi kwa uwiano mmoja, vikafanana kweli. Jua lilipoleta na mawimbi ya mwanga ambayo tyubu haina, hasa ule wekundu wa mwisho wenye urefu wa wimbi kuanzia nanomita 650 hivi na kuendelea, joho liliuakisi kwa wingi na satini haikuuakisi. Kwa hiyo macho yenu hayakukosea dukani, na wala hayakukosea kanisani.

Dalali wa Vito (Arusha)

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu. Kwetu Arusha elimu hii hulipiwa kwa fedha. Tanzanaiti, ambayo ilijulikana mwaka 1967 huko Mererani, huelekea bluu katika mwanga wa mchana na huelekea zambarau chini ya glopu ya waya, kwa kuwa glopu hiyo ina wekundu mwingi na bluu kidogo. Tena rangi yake hubadilika hata kwa upande unaolitazamia jiwe, kwa hiyo mnunuzi mgeni anaweza kudanganyika mara mbili. Liko pia jiwe la aleksandraiti, linalopatikana karibu na Ziwa Manyara, ambalo mchana ni la kijani na kwenye mshumaa huwa jekundu.

Vitabu vya Ulaya humshauri mtu atazame jiwe kwenye dirisha la kaskazini, lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kwetu ushauri huo haufai mwaka mzima, kwa sababu sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, na mwezi Juni jua lenyewe huwa upande huo wa kaskazini. Mimi hutoka nje, nikasimama kivulini chini ya anga iliyo wazi, mbali na ukuta uliopakwa rangi kali.

Muuza Nyanya (Mbuyuni, Moshi)

Kumbe ndiyo maana nyanya zangu zilipendeza zaidi chini ya mwavuli mwekundu. Naapa niliununua kwa ajili ya jua tu.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa, ila kuna jambo moja linanitatiza: chini ya bati hilohilo, uzi mweupe huuona mweupe. Kwa nini nao usiwe wa kijani?

Mwalimu wa Fizikia (Moshi)

Marahaba. Uzi huo ni wa kijani kweli, na ukiupiga picha kwa simu huenda ukashangaa. Ukikaa kibandani kwa muda, macho na ubongo hujirekebisha, vikakifanya kitu kinachong'aa kuliko vyote kuwa kipimo cha weupe. Ndiyo maana pia karatasi huonekana nyeupe usiku chini ya glopu ya njano. Lakini marekebisho hayo huondoa kivuli cha rangi kilichotanda kila mahali. Hayawezi kurudisha wekundu ambao haukuingia kabisa.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Ahsanteni. Leo nimerudi katika duka la satini, nikaomba kutoa jora hadi barazani, na muuzaji hakukataa. Ni jora lilelile, na tofauti ilionekana papo hapo. Nimemwomba radhi kimoyomoyo. Bati nitalibadilisha, niweke lisilo na rangi. Kwa kazi za usiku, ninunue taa gani?

Dalali wa Vito (Arusha)

Dada, soma boksi la taa ya LED. Tafuta Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi, ya 90 au zaidi, kwa kipimo ambacho mwisho wake ni 100, na joto la rangi, yaani namba inayosema weupe wa taa unaelekea njano au bluu, kati ya 5000 K na 6500 K. Namba hiyo ya pili peke yake haitoshi, kwa kuwa taa nyingi za bei rahisi huandikwa 6500 K huku wekundu wake ukiwa hafifu. Tena boksi huweza kusema lolote. Chukua mabaki ya joho na ya kola, uyaweke pamoja chini ya taa hiyo dukani. Yakiachana kama yalivyoachana juani, lipa uondoke nayo.