Vidonge vya Baba Mkubwa

Baba Mkubwa: Wanangu, majibu ya damu yametoka. Ile LDL, kolesteroli mbaya, ilikuwa 4.6, sasa 1.8. Namshukuru Mungu. Vidonge vya statini, vya kushusha kolesteroli, nimeviacha tangu juzi.

Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Hongera sana!

Zawadi: 🙏🙏🙏

Shangazi Rukia: Shikamoo kaka. Hiyo 1.8 ni kazi ya vidonge! Ukiviacha, wiki chache tu inarudi kulekule.

Baba Mkubwa: Marahaba. Lakini Rukia, kifua hakinibani, ngazi napanda bila kuhema.

Shangazi Rukia: Ndicho kinachonitisha. Mafuta yakizidi kwenye damu hayaumi. Tena usifikirie bomba linaloziba kidogo kidogo. LDL inapenya utando wa ndani wa ateri, inanasa ukutani. Seli za ulinzi zinaimeza mpaka zinavimba na kufia humohumo. Inabaki kama jipu, ndani mafuta laini, juu limefunikwa na ngozi. Ngozi hiyo ikipasuka, damu inajua hapo pana kidonda.

Zawadi: Inaganda?

Shangazi Rukia: Palepale. Chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, zinashikana, nyuzi za fibrini zinazifunga, bonge linaziba mshipa. Kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Na mara nyingi kinachopasuka ni kivimbe ambacho hakikuwa kimebana mshipa kiasi cha mtu kuhisi chochote.

Hamisi: Shangazi, mimi LDL iko sawa ila trigliseridi, yale mafuta mengine ya damu, ni 6.2. Nilipima nikiwa nimefunga.

Shangazi Rukia: Hamisi!! Mbona ulinyamaza? Juzi kazini nilitoa mrija wa damu kwenye mashine ya kuzungusha. Kwa kawaida juu panabaki maji ya njano, unaona mpaka upande wa pili. Ule ulikuwa mweupe, mzito, hata maandishi ya lebo nyuma yake sikuyaona. Ni trigliseridi hizo. Watu wa namna hiyo mara nyingi wana protini nyingi zaidi inayozuia mwili kuyeyusha mabonge. Damu ikishaganda, kuachia ni shida. Na zikipita 10, kongosho linaweza kuvimba ghafla. Nenda ukapimwe sukari na tezi ya shingo, na daktari umweleze kila dawa unayotumia. Wiki hii.

Hamisi: Sawa shangazi. Naenda kesho asubuhi.

Zawadi: Baba si ameze aspirini tu?

Shangazi Rukia: Hapana mwanangu. Aspirini inazuia chembe sahani zisishikane, LDL haiigusi kabisa, na inaweza kuvujisha damu tumboni. Hiyo aamue daktari.
Na wewe Zawadi hujapima hata mara moja. Marehemu baba yetu alianguka akiwa na miaka 47. Kuna kolesteroli ya kurithi, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Waombe wakupime na lipoprotini(a), chembe nyingine ya kubeba kolesteroli inayofanana na LDL. Hiyo huja kwa damu ya ukoo, kuipima mara moja maishani kwa kawaida kunatosha.

Zawadi: Nitapima. 47 jamani, babu alikuwa kijana.

Baba Mkubwa: Rukia, niseme ukweli. Sikuacha kwa sababu ya majibu peke yake. Mapaja yalikuwa yananiuma usiku.

Shangazi Rukia: Kaka yangu, ungesema mapema, vidonge hivyo wakati mwingine huumiza misuli. Mkojo haujabadilika rangi kuwa ya kahawia?

Baba Mkubwa: Hapana, uko kama siku zote.

Shangazi Rukia: Afadhali. Ungekuwa kahawia ningekwambia nenda hospitali sasa hivi. Mpigie daktari leo, usingoje miadi. Anaweza kupunguza dozi, kukupa statini ya aina nyingine, au kuongeza ezetimibu, dawa nyingine ya kolesteroli. Njia zipo. Ila usikae hivihivi bila dawa.

Baba Mkubwa: Nampigia.

Baba Mkubwa: Amesema niende saa nane, nibebe na pakiti ya vidonge.

Hamisi: Nakuja kukuchukua saa saba na nusu.