Vikundi vitatu vya ambienti kuzunguka pamoja kutoka Tanga hadi Dar es Salaam: tupange vipi vifaa, zamu na mapato?

Mwenyeji wa Raskazone

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Sisi ni vijana wa Tanga mjini tunaopiga muziki wa kielektroniki wa aina ya ambienti, ule unaokwenda polepole na unaosikilizwa zaidi kuliko kuchezwa. Kikundi changu kina watu wawili, sintesaiza moja, kompyuta mpakato na pedali za gitaa. Kikundi cha pili ni cha Chumbageni, nacho hujenga muziki wake kwa sauti zilizorekodiwa bandarini na kwenye mashamba ya mkonge. Wa tatu ni mwanamuziki wa Mombasa anayepiga peke yake. Hatuna meneja wala kampuni ya kurekodi nyuma yetu, na tumekubaliana kuzunguka pamoja masika yakishapita, tukianzia hapa Tanga, kisha Bagamoyo, na kumalizia Dar es Salaam.

Tumetiwa moyo na KMRU, kijana wa Nairobi ambaye albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020 kupitia kampuni ya kurekodi ya Editions Mego, lakini huko Ulaya anakofanyia kazi zipo kumbi ambazo watu wamezoea kukaa chini na kunyamaza. Kwetu mambo ni tofauti. Tulipopiga pamoja katika ukumbi mmoja hapa mjini, kila kikundi kilifungua nyaya zake na kingine kikafunga za kwake, na katika muda ule wa kusubiri mwenye ukumbi akaona watu wamepoa, akawawekea singeli. Tuliporudi jukwaani, waliobaki walikuwa wanacheza na waliokuja kutusikiliza sisi walikuwa wameshaondoka.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu: namna ya kupanga zamu ili usiku usikatike, vifaa gani tuvitumie kwa pamoja, na namna ya kugawana kitakachopatikana bila kununiana.

Fundi Mitambo

Mdogo wangu, ukishapata jibu la vifaa utakuwa umepata na la zamu, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kila kikundi kiwe na meza yake jukwaani. Meza zote tatu zifungwe mchana, zijaribiwe sauti, kisha zisiguswe tena mpaka usiku uishe. Kila meza ichanganye sauti zake yenyewe kwenye mikisa ndogo (kifaa cha kuchanganyia sauti) na itoe njia mbili tu, kushoto na kulia, ziende kwenye mikisa kuu. Vikundi vitatu vitachukua njia sita, na mkiongeza maikrofoni mbili mtafika nane, kiasi ambacho mikisa ya njia kumi na mbili inakibeba na kubakiza nafasi. Mikisa ya namna hiyo hubebwa na mtu mmoja. Mwende nayo safari nzima, kwa sababu mikisa mnayoijua ni bora kuliko ile kubwa ya ukumbi ambayo nusu ya vitufe vyake vimekufa.

Baada ya hapo uangalieni umeme. Bendi yenye ngoma na besi nzito inaweza kupiga usiku kucha na mvumo wa hezi 50 usisikike na mtu, lakini katika muziki wenu mvumo huo utakuwa kama mpigaji wa nne. Mara nyingi hutokea pale ambapo vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya za sauti vinapata umeme kwenye soketi zilizo mbalimbali. Hapo ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, inapata njia mbili, na mkondo mdogo unazunguka kupitia waya wa sauti. Jukwaa zima lichukue umeme kwenye soketi moja, maana vifaa vyenu vyote kwa pamoja havifikii umeme unaotumiwa na pasi moja ya nguo. Wekeni visanduku vya DI vyenye transfoma, vinavyopitisha sauti na kuukata mzunguko huo wa ethi, kati ya meza zenu na mikisa kuu. Kompyuta ikiendelea kuvuma, chomoeni chaja mpige kwa betri. Wapo mafundi wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, na kweli unakwisha, ila siku sintesaiza yenye bodi ya chuma ikipata hitilafu, ethi itakuwa ni mwili wa mpigaji.

Sasa zamu. Mkiwa mmeunganishwa wote tangu mchana, hakuna sababu ya kunyamaza katikati na kumpa mwenye ukumbi nafasi ya kuweka singeli yake. Kikundi cha kwanza kinapokaribia kumaliza kibakize sauti moja ndefu, cha pili kiingie chini ya sauti hiyo na kuipokea, na cha kwanza kishushe taratibu mpaka kipotee. Kubalianeni ufunguo wa kupokezania, yaani noti ya msingi, tuseme D, ili asiwepo wa kuingia na noti inayogombana na ya mwenzake. Fanyeni mazoezi ya makabidhiano hayo kuliko mnavyofanya mazoezi ya nyimbo zenyewe. Nyimbo zenu kila mmoja anazijua, lakini hapo katikati hapana mwenyewe.

Binti wa Kaole

Ninaongezea kwa upande wa Bagamoyo, ambako ndiko ninakoishi na kufanyia sanaa.

Kaka, msije huku mkidhani mnaleta kitu kigeni. Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa na kufariki mwaka 2003, alipiga ilimba (ala ya vibao vya chuma inayobonyezwa kwa vidole gumba) na zeze kwa mizunguko mirefu inayojirudia na kubadilika kidogo kidogo, na wenyeji wa mji huu wamekua wakiisikia sauti hiyo. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly akiwa na Michael Brook, Mkanada ambaye mwaka 1985 alikuwa ametoa albamu ya Hybrid pamoja na Brian Eno na Daniel Lanois. Eno ndiye aliyetoa albamu ya Ambient 1 mwishoni mwa miaka ya 1970 na kulifanya jina la muziki huu lijulikane duniani. Kutoka kwake hadi Bagamoyo, basi, katikati yupo mtu mmoja tu.

Kwa sababu hiyo ningewashauri mumwalike mpigaji wa ilimba au zeze wa hapa, naye apewe meza, maikrofoni na muda wa kujaribu sauti kama ninyi. Sipendi ule mtindo wa kumpandisha mpigaji wa ala za asili kwa dakika tano ili picha zitoke vizuri, kisha anashushwa na malipo yake ni soda. Akiwa mmoja wenu katika usiku huo, hata yale makabidhiano aliyoyaeleza fundi yanaweza kupitia kwake: ilimba ikishika mzunguko mmoja, kikundi kinachotoka na kinachoingia vyote vinapata pa kushika.

Kuhusu mahali, ukumbi wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni mkubwa na umejengwa kwa ajili ya ngoma na maigizo. Kwa watu wachache ninyi mtaonekana kama mmepotea mle ndani. Tafuteni ua wa nyumba ya wageni au wa jumba la sanaa huku Mji Mkongwe, wenye kuta za mawe pande tatu na mikeka ya kukalia. Magofu ya Kaole na majengo ya kale yanavutia wengi, lakini yanalindwa na sheria ya mambo ya kale, kwa hiyo msitandike hata waya mmoja kabla ya kupata ruhusa ya maandishi. Tena msijaribu kuja wakati wa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni, kwani mji wote unakuwa na ngoma na hamtasikika.

Saa nayo ina mambo yake. Anzeni saa mbili usiku, Isha ikiwa imekwisha swaliwa. Mkianza saa kumi na mbili jioni mtakatizwa na adhana ya Magharibi na ya Isha, na si adabu kushindana nayo kwa spika. Mmefanya vyema kuyakwepa masika, kwa sababu mvua ikipiga kwenye bati hakuna sintesaiza itakayosikika.

Njia ya kuja haina shida. Kutoka Tanga mpite Segera, na mkifika Msata mkate kushoto. Hapo hadi Bagamoyo ni lami ya kilomita 64, na hamna haja ya kuzunguka Chalinze.

Mzee wa Ngamiani

Vijana wangu, nimesoma yote kwa furaha. Hapa Tanga vyombo vya umeme si habari mpya: Black Star na Lucky Star ziliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu wakati Unguja ilikuwa bado na udi, kanuni na fidla, na wapo walionuna wakisema hiyo si taarabu tena. Nazo bendi za dansi za hapa, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, zilisafiri na vyombo vyao. Kwa hiyo mtakapoambiwa kwamba huo wenu si muziki, mnyamaze mpige.

Nitasema juu ya fedha, kwa maana bendi nyingi nilizozijua hazikuvunjwa na muziki. Msigawane kila usiku. Wekeni mfuko mmoja wa safari nzima, ashike mtu mmoja, na mwingine asiyetoka kikundi hicho aandike daftari. Tuchukue mfano: wamekuja watu 60 na kila mmoja amelipa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 300,000. Toeni kwanza gari na mafuta, spika za kukodi, chakula na malazi. Tuseme hayo yamekula 180,000, zinabaki 120,000. Mkizigawana usiku huo huo, kesho mnafika mji mwingine wanakuja watu 15, na hapo ndipo mtakapoanza kuulizana nani alichukua ngapi jana. Zikikaa mfukoni, usiku mzuri unaubeba usiku mbaya.

Mwisho wa safari kilichobaki kigawanywe kwa vichwa, si kwa vikundi. Kikundi cha watu wawili kikipata sawa na yule wa Mombasa aliye peke yake, mmoja wenu atakuwa amefanya kazi kwa nusu ya malipo ya mwenzake.

Fundi Mitambo

Mzee wangu, shikamoo. Juu ya mfuko mmoja ninakuunga mkono kabisa, lakini kugawana kwa vichwa sikubaliani nako. Mtu anayepiga peke yake ametayarisha onyesho zima kwa kichwa chake, amenunua vifaa vyote kwa fedha yake, na amesafiri mbali kuliko wote. Ukigawa kwa vichwa, kikundi kitakachojaza watu watano wa kubonyeza kitufe kimoja kimoja kitaondoka na mfuko. Kwa vikundi vidogo namna hii, fungu liwe sawa kwa kila kikundi, na nauli ya wa Mombasa hadi Tanga itolewe kwenye mfuko kama gharama ya safari. Anayesimamia mikisa kuu alipwe kiasi kilichopangwa tangu mwanzo, watu waje wasije.

Mauzo ya kaseti, fulana na kadi za kupakulia albamu yabaki kwa kila kikundi, yasiingie mfukoni. Anayeuza kupitia Bandcamp akumbuke kwamba mtandao huo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, hivyo asipange bei akidhani yote ni yake.

Mwenyeji wa Raskazone

Mzee, shikamoo. Dada na kaka fundi, ninawashukuru sana. Tumekaa leo na wenzetu wa Chumbageni na tumekubali meza tatu, mikisa moja na mfuko mmoja. Kwenye mgawanyo tumechukua ushauri wa fungu sawa kwa kila kikundi, mzee atuwie radhi, na daftari litashikwa na wa Chumbageni. Mpigaji wa ilimba tutamtafuta kupitia kwa Binti wa Kaole, iwapo ataturuhusu kumwandikia faraghani.

Limebaki la mwenzetu wa Mombasa. Yeye anasema Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, kwa hiyo atapita Horohoro na begi lake kama mgeni yeyote. Je, hilo linatosha?

Mpita Horohoro

Halitoshi. Kuingia bila viza ni haki yake kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kuingia na kufanya onyesho la kulipwa ni mambo mawili tofauti. Msanii wa nje anahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na anayekiomba ni mwandaaji aliye huku, maana yake ni ninyi. Mwulizeni pia Afisa Uhamiaji aina ya kibali kinachomhusu mtu wa kazi ya siku chache, na mfanye hivyo kabla hamjachapisha tangazo lenye jina lake. Kwa kila mji mnakopita, mwoneni Afisa Utamaduni wa halmashauri akiwa ofisini. Msingoje akutane nanyi ukumbini.

Kuhusu begi lake, aandike orodha ya kila kifaa pamoja na namba yake ya kiwandani, aambatanishe picha, na aionyeshe forodha anapoingia, ili wakati wa kurudi asiulizwe kama sintesaiza ameinunua Tanzania. Orodha iwe na nakala mbili, moja akae nayo yeye na nyingine mwenye daftari, kwa sababu usiku wa kufungasha, nyaya na adapta za meza tatu zitachanganyika. Adapta za pedali hufanana sana lakini volti zake na mpangilio wa chanya na hasi havifanani, na ukichomeka isiyo yake, pedali inaweza kuungua papo hapo. Kila kikundi kifunge utepe wa rangi yake kwenye nyaya zake kabla gari halijaondoka Tanga.